Unyoya wa Mshale Kando ya Mto Sabaki

Mtu atokaye Malindi kwa barabara iendayo lango la Sala, upande wa mashariki wa Mbuga ya Tsavo, huanza safari yake kati ya minazi na miembe, na kabla jua halijapanda sana hujikuta katika nchi nyingine kabisa. Kufika Kakoneni minazi imekwisha kupungua. Kupita Langobaya udongo ni mwekundu, vichaka ni vya miiba, na mibuyu imesimama mmoja huku na mmoja kule, kama wazee walioondoka barazani bila kuafikiana. Mkono wa kuume, mara ukionekana na mara ukifichwa na miti, ndio Mto Sabaki. Mto huo una majina mengi: huko juu kwetu Ukambani huitwa Athi, ukiisha kupokea maji ya Mto Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Maji ni yale yale, nayo wakati wa mvua huwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nalipita njia hiyo kwa kazi ya ofisi. Makarani wawili twalitumwa kuzunguka vijijini ili kuandikisha watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, na kazi ya namna hiyo, kama ajuavyo kila karani, ni ya asubuhi. Alasiri watu huenda zao mashambani na kwa mifugo, na karani hubaki na muhuri wake chini ya mti. Katika kijiji kimoja cha Waata nalikaa siku nne, na alasiri zote nne nalizitumia kwa mzee mmoja atengenezaye mishale. Mwenzangu alipendelea kulala, wala simlaumu, maana joto la nchi ile si la mchezo.

Waata ni watu wachache. Wagiriama, ambao ni majirani zao, huwaita Waliangulu, na wengine huwaita Wasanye. Lugha yao ni jamaa ya Kioromo. Tangu zamani walikaa katika nyika iliyo kati ya pwani na Tsavo, wakawinda ndovu kwa uta na mshale wa sumu, na pembe zikashuka pwani kwa biashara. Mimi ni Mkamba, na kabila letu nalo lilisifiwa kwa mishale. Kwa hiyo mzee aliposikia jina langu alicheka sana.

"Mwanangu," akasema, "ninyi Wakamba mlikuwa hodari wa kuuza. Katika kuwinda mlitufuata sisi."

Nikamjibu kwa adabu kwamba marehemu babu yangu asingalikubali maneno hayo.

"Basi kaa hapa utazame manyoya," akasema, "kisha amua mwenyewe."

Mzee huyo amepita miaka 80. Katika utoto wake alichukua podo la baba yake porini, naye anazikumbuka siku hizo vizuri kuliko azikumbukavyo za mwaka jana. Uwindaji umekatazwa katika Kenya tangu mwaka 1977, naye hutaja mwaka huo kama wazee wengine watajavyo mwaka wa njaa. Mishale atengenezayo sasa ni ya wajukuu kujifunzia shabaha, na ya vijana kushika katika ngoma za siku za utamaduni. Haina sumu wala chuma. Ncha zake ni mti mtupu uliochongwa na kukaushwa motoni. Lakini manyoya huyafunga kwa bidii ile ile, kana kwamba kesho kuna ndovu.

Wengi wetu, tukisikia habari za mshale wa ndovu, hufikiri kwanza juu ya sumu. Ni kweli kwamba sumu ndiyo iliyoua. Hupatikana kwa kuchemsha vipande vya mti ule ambao Wamaasai huuita olmorijoi, mpaka maji yawe mazito na meusi kama lami, nayo ikiingia katika damu huusimamisha moyo. Walakini sumu isiyofika mwilini haiui kitu. Uta wa Waata ulikuwa mzito ajabu; walioupima walikuta kwamba kuuvuta mpaka mwisho kwahitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi. Mshale ukisukumwa kwa nguvu namna hiyo hautoki umenyoka. Hujipinda huku na huku kama samaki majini, na kama hakuna kitu cha kuushika kwa nyuma, utafika umelala ubavu, na chembe kitagonga ngozi na kuanguka. Kitu hicho cha kuushika ni manyoya. Hushika hewa nyuma, mkia ukakawia kidogo, na kichwa kikatangulia.

Tena liko jambo jingine ambalo sikulijua. Chembe chenye sumu hakikutiwa moja kwa moja katika wano la mshale. Kilitiwa katika kijiti chake, na kijiti kikachomekwa katika wano. Mshale ukiisha kumpata mnyama, chembe na kijiti hubaki ndani, na wano huanguka chini, hata mwindaji hulifuata na kuliokota. Kila mtu alikuwa na alama yake juu ya chembe, na ndovu akipatikana amekufa mbali, alama hiyo ndiyo iliyoamua pembe ni za nani. Basi chembe kilikuwa cha ndovu, lakini wano na manyoya yake vilikuwa vya mwindaji, naye alikaa navyo muda mrefu. Mzee alisema kwamba baba yake alijua mawano yake kwa kuyapapasa gizani.

Juu ya mkeka palikuwa na mafungu manne ya manyoya. Nalinyosha mkono kuchukua moja, naye akanizuia akauliza nimeosha mikono. Nalikuwa nimetoka kula samaki wa mtoni. Mafuta, akasema, hufanya gundi isishike.

Fungu la kwanza na la pili yalikuwa manyoya ya bawa la kuume na la kushoto, nayo hayachanganywi katika mshale mmoja kamwe. Alinipa mawili mkononi akaniambia niyatazame kutoka upande wa shina. Kweli, moja lilijikunja upande huu na jingine upande ule, kama viganja viwili vya mtu mmoja. Unyoya uliojikunja huuzungusha mshale angani, na kuzunguka huko ndiko kunakouweka katika njia yake. Mshale wenye manyoya ya kuume matupu huzunguka upande mmoja; wa kushoto matupu huzunguka upande wa pili; yote mawili ni mema. Lakini ukichanganya, moja huvuta huku na jingine huvuta kule, mshale ukayumba kama mlevi. Fungu la tatu lilikuwa la manyoya ya mkia, ambayo yamenyoka zaidi na ni dhaifu kidogo. La nne lilikuwa la watoto kuchezea.

Baada ya hayo huja kipimo, na hapa mzee aliongea kwa muda mrefu, akichora mchangani kwa kijiti. Watu wasiowinda hudhani manyoya makubwa ni ya shabaha ya mbali. Sivyo. Unyoya mkubwa huushika mshale upesi, lakini pia huupunguzia mwendo. Kwa ndovu mwindaji alikaribia sana, hatua chache tu, na chembe chake kilikuwa kizito na kipana. Chembe kipana nacho hushika hewa kwa mbele na kutaka kuuongoza mshale kikipendacho. Kwa hiyo nyuma yataka unyoya mrefu wenye nguvu ya kushindana nacho, nao uunyoshe mshale katika hatua hizo chache. Kwa paa na dikidiki ni kinyume chake: mshale mwepesi, manyoya mafupi yaliyokatwa chini, ili ufike haraka kabla mnyama hajaruka. Na mshale wa ndege wa juu ya mti huachiwa manyoya mapana yasiyokatwa kabisa, ili ukikosa usiende mbali ukapotea, bali uchoke hewani na kuanguka karibu.

Halafu kuna sauti. Unyoya uliopasuka au uliokatwa vibaya hulia hewani, na paa husikia. Mzee alipitisha manyoya kumi hivi sikioni mwangu, moja moja, kwa haraka, akaniuliza lipi linalia. Sikuweza kutofautisha hata mawili. Mjukuu wake wa miaka kama tisa alitofautisha manne.

Nalimwuliza mbona asitumie manyoya ya bundi, maana bundi huruka bila kusikika. Alinitazama kama mtu aliyeuliza mbona wasichome nyumba ili wapate mwanga. Kwanza hakuna mtu katika nchi ile atakaye kitu cha bundi nyumbani kwake. Pili, akasema, unyoya wa bundi ni laini; haufanyi kelele kwa sababu haupigani na hewa, na unyoya usiopigana na hewa hauna kazi katika mshale. Jibu la pili lilinitosha. Unyoya wa mbuni haufai hata kidogo, ingawa ni mkubwa na mzuri wa kutazama, kwa sababu nyuzi zake hazikushikana. Hewa hupita katikati kama maji katika tenga. Kanga unyoya wake ni mgumu lakini mfupi, nao ulitumika kwa mishale midogo.

Juu ya yote hayo alikuwa tumbusi. Kila mzee niliyemwuliza, Mwaata kwa Mkamba, alisema neno hilo hilo. Unyoya wa bawa la tumbusi ni mrefu, hata mmoja hutoa vipande viwili au vitatu. Shina lake ni gumu lakini hupasuliwa vizuri kwa kisu. Na nyuzi zake zikiachana, ukizipitisha kati ya vidole hushikana tena. Wala hawakuhitaji kumwua ndege huyo. Tumbusi hupukutisha manyoya yake yenyewe, na mwindaji aliyaokota chini ya miti walalamo na penye mizoga walipogombania nyama. Mzee anakumbuka ukame wa mwaka 1970 na 1971, ndovu walipokufa kwa maelfu kwa njaa katika Tsavo. Asema kwamba mtu aliweza kujaza gunia la manyoya kwa asubuhi moja, na hakuna aliyefurahi.

Yafaa niseme kidogo juu ya mambo yaliyowapata watu hawa, kwa kuwa vijana wa siku hizi huwaona wakiuza makaa kando ya barabara wasijue ni wana wa nani. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na sehemu kubwa ya nchi waliyowinda ikawa ndani ya mipaka. Mwaka 1956 na 1957 ulifanywa msako mkubwa wa wawindaji ulioongozwa na akina David Sheldrick na Bill Woodley, na wanaume wengi wa Kiwaata walifungwa. Baadaye, mwaka 1960, ulianzishwa mpango wa Galana, ambao nia yake ilikuwa kuwaruhusu Waata wawinde ndovu kwa hesabu na kwa kibali katika nchi iliyo kaskazini ya mto. Mpango haukudumu katika hali hiyo. Nchi ile ikageuka kuwa ya kufugia ng'ombe. Baba wa mzee wangu alipitia yote hayo. Mzee hakunisimulia kwa uchungu, wala sikumchokonoa. Alisema tu kwamba baba yake alirudi kutoka kifungoni na uta wake hakuuona tena, akatengeneza mwingine mwepesi wa kuwindia kanga, na manyoya ya kwanza aliyoyafunga yalikuwa ya jogoo wa mkewe.

Siku hizi manyoya ya tumbusi hayamo juu ya mkeka. Sheria ya Wanyama wa Pori ya mwaka 2013 huhesabu unyoya wa ndege wa mwitu kuwa nyara, na kuwa nao bila kibali ni kosa. Mzee aijua sheria hiyo kuliko makarani wengi. Lakini alinionyesha mbingu akaniambia nihesabu tumbusi. Katika siku nne zote, katika nchi ya mbuga na ng'ombe, nalimwona mmoja.

Habari hii si ya kijiji kile peke yake. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, IUCN, liliweka aina nne za tumbusi waonekanao Kenya katika daraja ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Sababu kubwa katika nchi yetu ni sumu. Si ile ya olmorijoi, bali dawa ya wadudu inunuliwayo dukani. Mfugaji ambaye ng'ombe wake ameuawa na simba au fisi hunyunyiza dawa hiyo juu ya mzoga ili amlipize mwizi. Fisi huja wawili au watatu usiku. Asubuhi tumbusi hushuka kwa makumi, na pengine zaidi ya mia, wakafa wote mahali pamoja. Ndege hawa hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kwa hiyo hasara ya asubuhi moja yaweza isifidiwe katika maisha ya mtu. Mimi nafuga ng'ombe wawili kwetu Kitui, na najua hasira ya mtu aliyekuta mifupa zizini. Tena sheria ile ile imeweka njia ya kudai fidia, ingawa karatasi zake hazina mbio. Lakini mizoga ambayo tumbusi angeimaliza kwa saa moja sasa huozea karibu na maji yetu, na mbwa wa kijiji huchukua kazi hiyo, nao wakirudi nyumbani hulala pamoja na watoto. Mtu apige hesabu hiyo pia kabla ya kufungua mkebe wa dawa.

Basi mzee amerudi kwa ndege wa kufugwa, naye hakuona haya. Nalimwambia kwamba katika Marekani, ambako watu huruhusiwa kuwinda kwa uta wakiwa na kibali na kwa majira yake, wapendao uta wa mti hutumia manyoya ya bata mzinga. Nikamweleza pia juu ya daktari mmoja wa huko, Saxton Pope, aliyejifunza uta kwa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyefariki mwaka 1916. Na jinsi Pope na mwenzake Arthur Young walivyokuja Tanganyika mwaka 1925 kuwinda simba kwa mishale yao. Mzee alisikiliza yote kwa utulivu, kisha akauliza swali moja tu: walikuja na sumu? Nikasema la. Akatikisa kichwa akasema ni mashujaa au ni wajinga, na kwamba angependa kuona manyoya yao.

Wengine huko hutumia vipande vya plastiki badala ya manyoya, nami nilipotaja jambo hilo wajukuu walichangamka, kwa sababu na wao wamekwisha jaribu. Mmoja alikata mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, akafunga vipande vitatu vizuri kabisa. Mzee alimwambia apige. Walikuwa wametundika gunia la nyasi juu ya mkwaju, hatua 30 hivi. Mshale wa plastiki ulitoka kwa kelele ukaenda kando, ukachoma kichaka cha jirani. Mzee alinieleza sababu: unyoya ukigusa mti wa uta wakati wa kupita hulala, kisha husimama tena, plastiki hailali, huupiga teke uta, na mshale huenda upande. Wamarekani wanaotumia plastiki wana nyuta za mitambo zenye mahali maalum pa kuwekea mshale usiguse kitu. Mtoto mwenye uta wa mti aliolazia mshale juu ya mkono wake hana mahali hapo.

Halafu akapiga mjukuu mkubwa. Wa kwanza ulikuwa wa manyoya ya jogoo: ulikwenda vema, lakini ulipochomolewa, nyuzi zilikuwa zimetawanyika kama ufagio mkuukuu. Wa pili ulikuwa wa bata mzinga, bawa la kushoto tupu, yametengwa matatu, moja likielekea nje mbali na uta. Huo ulizunguka angani hata mimi nikauona ukizunguka, ukaingia katikati ya gunia. Mzee hakusema neno, ila aliutazama kwa muda kisha akaurudisha kwa kijana apige tena.

Jambo moja tu lilimsumbua: mvua. Bata mzinga akiloa hulala chini, na mshale wake huwa fimbo tupu. Hapo nikakumbuka kwamba Waingereza wa zamani, waliokuwa na nyuta nzito kama za Waata, walitumia manyoya ya bata bukini, hata Mfalme Henry V mwanzoni mwa karne ya 15 aliagiza manyoya sita yatolewe kwa kila bata. Bata bukini ni ndege wa maji, na manyoya yake huvumilia unyevu kuliko ya kuku. Mzee hakuwa amepata kumwona ndege huyo kwa karibu. Aliniuliza ukubwa wake, nikamwonyesha kwa mikono, akaniuliza urefu wa unyoya, nikapima kwa shibiri, akanyamaza akifikiri.

Malindi nalimpata mama mmoja mwenye bata bukini watano uani, watu wenye makelele kuliko mbwa, naye akaniruhusu kuokota yaliyopukutika. Yalikuwa 52: ya kushoto 30 na ya kuume 22. Niliyatia katika bahasha mbili za ofisi, nikaandika juu yake "kushoto" na "kuume", nikampa dereva wa matatu iendayo upande ule. Baada ya juma moja dereva alileta salamu. Mzee alikuta mawili ya kuume katika bahasha ya kushoto, ameyarudisha mahali pake, na anauliza bata hao watapukutisha lini tena.